Mtoto wa jirani, mzazi mlevi: mwongozo kamili wa nini ufanye, hatua kwa hatua (Uganda)

Naandika hii kwa sababu nimechoka kuona kitu kile kile. Mtu anaona mtoto wa jirani analala njaa, baba yuko kwenye malwa (pombe ya ulezi inayonywewa kwa mirija) tangu asubuhi, roho inamuuma, basi siku moja hasira inapanda anaenda kumtukana mlevi mbele ya watu, au anamchukua mtoto anampeleka kwake bila kumwambia yeyote, au anakimbilia polisi anapiga kelele halafu kesho yake anasema aa tumeshaelewana. Wiki mbili baadaye mtoto yuko pale pale, na sasa hata salamu na jirani hamna.

Mimi ni mwalimu wa primari hapa Busia upande wa Uganda, yule mwalimu wa kike anayepelekewa wasichana wenye shida, sinia womani kama tunavyosema. Makosa yote hayo matatu nimeyafanya mwenyewe. Lile la kumchukua mtoto nililifanya mara moja tu, baba yake akaenda kituoni akasema nimeiba mtoto nataka kumvusha boda, yaani mpaka, nimpeleke Kenya, nikajieleza mpaka saa saba usiku.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaanza na mlevi. Anza na mtoto. Mtu kuacha pombe kunaweza kuchukua mwaka, miaka mitano, au asiache kabisa, na mtoto wa darasa la pili hana hiyo miaka ya kungoja. Hatua hizi zinafanya kazi hata kama mzazi hataacha kunywa, na ni sawa kwa mairungi (miraa), bangi na vingine pia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari moja la shule na kalamu. Usiandike kwenye simu peke yake, simu inaibiwa.
- Namba za mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), katibu wa watoto wa kijiji (kila LC inatakiwa kuwa na mtu wa mambo ya watoto, uliza ni nani, watu wengi hawajui hata kama yupo), CDO wa gombolola (ngazi iliyo chini ya wilaya) yaani afisa wa maendeleo ya jamii, na ofisi ya probesheni ya wilaya, yaani ustawi wa watoto.
- Namba 116. Hii ni simu ya watoto ya serikali, inaitwa Sauti, ni bure hata kama huna airtime.
- Fotokopi ya kadi ya chanjo ya mtoto, ripoti ya shule, cheti cha kuzaliwa kama kipo.
- Mtu mzima mwingine mmoja anayejua unachofanya. Usiende peke yako hata siku moja.
- Nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi gombolola mara tatu hivi. Usidhani utaenda mara moja iishe.

## Hatua ya 1: Angalia kwanza kama ni dharura

Ukiona kimojawapo cha hivi usiendelee kusoma, nenda polisi na hospitali saa hiyo hiyo: mtoto mchanga ameachwa peke yake usiku, mtoto ameumizwa, mzazi amelewa na ameshika panga, mtoto ameingiliwa, au mtoto mwenyewe amekunywa waragi (pombe kali).

Huyo aliyekunywa, mlaze ubavu, usimtapishe kwa nguvu, mpeleke. Sukari ya mwilini kwa mtoto inashuka haraka sana akinywa pombe na anaweza kufa akionekana kama amelala tu.

Aliyeingiliwa asioge kwanza na nguo zisifuliwe, afike kwenye kituo cha afya haraka, kabla ya masaa 72 kuisha, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi baada ya hapo hawampi tena. Fomu ya polisi ya daktari ni bure. Nasema tena, bure. Na hapa hakuna kuelewana nyumbani, wala mbuzi wala pesa ya ukoo, hilo ni kosa la jinai na wanaokaa chini kulimaliza kwa mbuzi nao wanajitafutia kesi.

Polisi ulizia dawati la familia na watoto, usimwelezee kila askari unayemkuta kaunta.

Imefaulu kama: mtoto ameonwa na daktari, na usiku huo analala kwa mtu mzima ambaye polisi wanajua jina lake.

Kama si dharura, endelea.

## Hatua ya 2: Andika wiki mbili

Hapa ndipo watu wanaparuka na ndipo kesi nyingi zinafia. Ukifika kwa probesheni ukasema "yule mzee ni mlevi sana anatesa watoto", afisa atakuitikia vizuri halafu atasahau, kwa sababu maneno hayo anayasikia kila siku, na ulevi wenyewe si kosa la kumfanya mtu anyang'anywe mtoto. Kosa ni kile mtoto anachokosa.

Sheria ya Watoto ya Uganda inasema wazi mzazi anadaiwa nini: elimu na malezi, chanjo, chakula cha kutosha, mavazi, mahali pa kulala, na matibabu. Vitu sita. Chora mistari kwenye daftari, kila kimoja safu yake, halafu andika unachokiona.

Mbaya: "Juzi walilala njaa tena baba amelewa."

Nzuri: "Jumanne tarehe 4, saa mbili usiku. Watoto watatu walikuja kwangu kuomba ugali, mkubwa alisema hawajala tangu chai ya asubuhi. Baba alikuja saa nne, alianguka mlangoni. Mama hayupo tangu Jumapili."

Unaona tofauti? Ya pili haina tusi hata moja na bado inauma.

Andika pia vile vitu vidogo ambavyo ni alama. Mimi darasani naangalia Jumatatu, kwa sababu wikendi ndiyo pesa inanywewa, na mtoto wa nyumba ya pombe anakosa Jumatatu au anakuja analala kwenye dawati. Angalia yule mkubwa wa kike, kama ana miaka kumi na ndiye anapika, anaosha mdogo, anamtafuta baba gizani, huyo amekuwa mama kabla ya wakati na masomo yake yanakufa kimyakimya. Walimu wanamsifu ati ana adabu sana, anajua kazi. Adabu gani, mtoto amechoka! Halafu kuna mwingine anayepigana na kila mtu na mwingine anayechekesha darasa zima, wote wanaweza kutoka nyumba moja.

Tahadhari: usimpige mtoto picha ukaiweka kwenye WhatsApp ya kijiji. Umemwaibisha, na baba akiiona ni mtoto atakayepigwa, sio wewe.

Imefaulu kama: una kurasa mbili tatu zenye tarehe na saa, na mtu asiyemjua huyo mzazi akisoma anaelewa.

## Hatua ya 3: Ongea na mtoto

Usimwite ofisini ukafunga mlango, atadhani amekosa. Ongeeni mkifanya kitu, mnachambua maharagwe, mnatembea kwenda kisimani. Watoto wanasema mambo mazito macho yakiwa kwenye kazi.

Mambo matatu ayasikie kutoka kwako: sio wewe umesababisha baba anywe, huwezi kumfanya aache, na kuomba msaada sio kumsaliti. La kwanza hasa. Nimekutana na mtoto aliyeamini baba yake anakunywa kwa sababu yeye alifeli mtihani, alikuwa amebeba hiyo kitu mwaka mzima.

Usimtukane mzazi wake. Hata kama analala mtaroni, kwake ni baba, ukimtukana mtoto anafunga mdomo anaanza kumtetea. Na usiahidi siri. Sema hivi: "Nitawaambia tu watu wanaoweza kutusaidia, na wewe nitakuambia ni nani."

Halafu pangeni mpango wa usiku. Kelele zikianza anakimbilia nyumba gani? Njia ipi? Mdogo anabebwa na nani? Asijifiche jikoni kwenye moto wala chumba chenye mlango mmoja. Mwenye nyumba ya kukimbilia lazima awe amekubali kabla, sio mtoto anagonga saa sita usiku watu wanazima taa. Mfundishe 116 mpaka aiseme bila kufikiri.

Imefaulu kama: anaweza kukuonyesha nyumba kwa kidole.

## Hatua ya 4: Tafuta mtu wa ukoo

Kabla ya serikali tafuta shangazi, bibi, mjomba, baba mkubwa. Sio kwa sababu serikali ni mbaya. Ni kwamba hata ukifika kwa probesheni swali la kwanza atakuuliza ni "kuna ndugu gani?", maana nyumba ya watoto ndiyo kimbilio la mwisho, mtoto anatakiwa akae kwa watu wake kwanza ikiwezekana.

Usimwambie shangazi "saidieni hawa watoto." Atasema ndiyo na hutamwona tena. Omba kitu chenye ukubwa wake: "Unaweza kukaa na huyu mdogo mpaka muhula uishe?" "Unaweza kutuma posho (unga wa ugali) kilo tano kila mwisho wa mwezi, uitume kwangu?"

Ndugu akiwa upande wa pili wa boda, kama hapa kwetu ambapo familia moja iko Busia mbili, usimvushe mtoto bila barua. Nilishakuambia yangu yalikuwaje.

Imefaulu kama: kuna jina moja na ahadi moja yenye tarehe kwenye daftari. Bibi akisema amechoka, mwache, bibi wengi wa nchi hii wameshalea mara mbili.

## Hatua ya 5: Ongea na mzazi, akiwa mkavu

Asubuhi mapema kabla hajatoka. Usimfuate kwenye malwa, pale ana wenzake na mirija yao, atakujibu ili wacheke.

Nenda na mtu anayemheshimu. Mpe heshima yake, mwite mzee au mama fulani kama siku zote. Usiseme pombe kwanza, sema mtoto: "Mzee, Amina hajaja shule Jumatatu nne mfululizo, na juzi walikuja kula kwangu. Tufanye nini?" Halafu nyamaza. Hiyo kunyamaza ni ngumu lakini ndiyo dawa.

Omba jambo moja dogo. Usimwapishe kwenye Biblia wala Msahafu kwamba hatakunywa tena, atakunywa, na sasa atakukwepa kwa aibu. Omba pesa ya chakula apewe mama au dukani kabla hajaenda, au watoto walale kwa shangazi siku za wikendi.

Wewe pia usimpe pesa mkononi hata akilia. Lipa shuleni moja kwa moja, nunua posho yenyewe. Na kama anaanza kuuza kiwanja, mwambie mke wake haraka kwamba sheria ya ardhi inataka ridhaa yake kabla ardhi ya familia wanayoishi na kula kutoka kwake haijauzwa, apeleke neno kwa LC na kwa watu wa ardhi kabla mnunuzi hajatoa pesa. Wanunuzi wa namna hii wanajua sana kumtafuta mlevi na chupa mkononi.

### Kama pombe ndiyo ada ya shule

Hii watu wa semina hawaisemi. Nyumba nyingi mama hanywi kwa starehe, mama anapika kwete (pombe ya mahindi) au anachemsha waragi, na ile sufuria ndiyo inalipa ada na sare na dawa. Kwa kuonja onja naye akawa mlevi, na wateja wanakaa hapo hapo watoto wanapolala. Ukimwambia acha, umemwambia asilipe ada.

Kwa huyo tunaanza na mipaka: wateja wasiingie chumba cha kulala, watoto wasihudumie wala kutumwa kununua, msichana asibaki peke yake na walevi hata dakika tano, kufunga ni saa moja jioni, na machicha yasipewe watoto kama chakula, yana pombe bado. Nimeona mama akikubali yote haya siku moja kwa sababu hakuna aliyemwambia ni mtu mbaya. Biashara nyingine mtaongea baadaye, kupitia vikundi vya akina mama.

Na tuseme ukweli, mama mlevi anatukanwa mara kumi kuliko baba mlevi. Kama ana mimba au ananyonyesha, mpeleke kliniki bila mahubiri, pombe inafika kwa mtoto tumboni na madhara mengine ya ubongo hayarudi nyuma.

Tahadhari: akianza kutukana au kunusa nusa ugomvi, aga uondoke. Hujashindwa.

## Hatua ya 6: LC, gombolola, probesheni

Mpe mzazi wiki mbili tatu. Hakuna kilichobadilika? Panda ngazi.

Anza LC1. Sheria inamruhusu mtu yeyote wa kijiji mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa kupeleka habari kwa LC, huhitaji kuwa ndugu. Na mwalimu au mtu wa afya, baada ya sheria kurekebishwa 2016, kwake ni wajibu kuripoti. Peleka daftari, omba barua yenye muhuri.

Sasa, saa ingine mwenyekiti mwenyewe anakunywa mrija mmoja na huyo mzazi. Hutokea, sana. Usigombane naye, mruke, nenda kwa CDO au ofisi ya probesheni, hamna sheria inayosema lazima uanze chini.

Gombolola, CDO anaweza kuwaita wazazi wote wawili na kuandika makubaliano ya matunzo. Soma kabla ya kusaini. "Baba atajitahidi" si makubaliano. "Baba atatoa posho kilo kumi kila Jumamosi kwa bibi" ndiyo.

Ikishindikana, probesheni wa wilaya ndiye anayeweza kwenda mahakama ya familia na watoto. Kuna amri ya uangalizi, ambapo mtoto anabaki nyumbani chini ya macho ya afisa, inaanza kwa mwaka mmoja. Na kuna amri ya kumtoa mtoto nyumbani, hii ni nzito na haizidi miaka mitatu. Watu wanaogopa neno mahakama, lakini ile ya uangalizi imewahi kumtikisa mzazi kuliko mahubiri ya miaka kumi.

Mbona wanachelewa? Ofisi ya probesheni ni watu wachache sana kwa wilaya nzima, na mafuta ya pikipiki mara nyingi hamna. Kwa hiyo ukienda na daftari safi, fotokopi, jina la ndugu aliyekubali na ramani ya kufika nyumbani, umemfanyia nusu ya kazi na faili lako ndilo atashika kwanza.

Akikuomba "kitu kidogo", muulize kwa upole risiti itaandikwa jina gani. Huduma ni bure, na hata bondi ya polisi, yaani dhamana, ni bure.

Imefaulu kama: una jina la afisa, namba ya faili, na siku ya kuja kutembelea nyumba.

## Hatua ya 7: Hospitali kwa mzazi, kama amekubali

Hapa ukikosea mtu anakufa. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, asubuhi akitetemeka mpaka apate ya kwanza, huyo usimfungie ndani ati aache leo. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuanza kuona wadudu ukutani, jasho, moyo unakimbia, hajui yuko wapi. Majirani wanasema amerogwa, wanampeleka kwa mganga au kumwombea usiku kucha, kumbe ni mwili unakosa pombe na ni dharura ya hospitali.

Apelekwe kituo cha afya cha ngazi ya nne (Health Centre IV) au hospitali ya wilaya, waseme anakunywa nini na kiasi gani, atapewa dawa za kumshusha taratibu na vitamini B1. Hospitali kubwa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, karibu yetu ni Mbale na Jinja, na Butabika kule Kampala ina wodi maalum ya pombe na madawa.

Kubalianeni kabla: nani analala na watoto akiwa amelazwa, nani anashika simu yake yenye pesa. Na akirudi kunywa baada ya miezi miwili, wengi hurudi, mnaanza tena hapa hapa hatua ya 7, sio hatua ya 1. Zile pakiti za waragi zilipigwa marufuku 2019 lakini chupa ndogo zimejaa kila kioski, kwa hiyo usimpitishe njia ya sokoni wiki za kwanza.

## Hatua ya 8: Miezi mitatu ya kufuatilia

Piga simu kwa probesheni kila baada ya wiki mbili, siku ile ile, salimia kwanza, taja namba ya faili. Muone mtoto kila wiki. Muombe mwalimu wake akuhesabie Jumatatu tu, nyingine acha.

Mtoto akitulia nyumbani usishangae akianza usumbufu shuleni. Alikuwa amejibana, sasa ameona kuna usalama anaachia. Waambie walimu kabla hawajachukua fimbo, ambayo nayo shuleni imekatazwa na yale marekebisho ya 2016 ingawa wenzangu wengine wanajifanya hawajasikia.

Imefaulu kama: Jumatatu kumi mfululizo yupo, amekula, na yule dada mkubwa umemkuta anacheza mchezo wa kati badala ya kubeba mtoto mgongoni. Baba anaweza kuwa bado anakunywa.

Daftari usilichome, wala usimpe mtu nakala yake pekee. Liweke mahali pakavu mpaka mtoto amalize P.7 (darasa la saba), maana ukirudi kwa afisa mwingine baada ya uhamisho, faili la ofisini mara nyingi halionekani.